Kashfa ni ya Nani? Uhakiki wa Barua ya Wakili

Neno kashfa katika Kiswahili linafanya kazi mbili ambazo ukizitazama kwa karibu hazipatani. Tukisema kiongozi fulani amekumbwa na kashfa, tuna maana kwamba amefanya jambo la aibu na jambo hilo limejulikana. Tukisema gazeti limeshtakiwa kwa kashfa, tuna maana kwamba limeandika jambo la kumvunjia mtu heshima. Aliyetenda na aliyesema wamevishwa kanzu moja. Asili ya neno ni Kiarabu, kashf, yaani kufunua, na humo hamna habari ya uongo wala ya ukweli. Kuna kifuniko kilichoondolewa tu.

Si kwamba Kiswahili kimekosa maneno ya kutenganisha mambo haya. Tuna kusingizia, ambako lazima kuwe na uongo: huwezi kumsingizia mtu jambo alilolifanya kweli. Tuna kuumbua, ambako lazima kuwe na ukweli, maana mtu huumbuliwa kwa kile alichokificha. Tuna kusengenya, ambako ukweli au uongo si hoja, hoja ni kwamba mwenyewe hayupo. Kiganda nacho kina okuwaayiriza, kitenzi kile kile kinachotumika katika amri ya kutomshuhudia jirani uongo, na hakuna Mganda atakayekitumia kwa mtu aliyesema kweli. Kashfa peke yake ndiyo inayokaa katikati, mguu mmoja huku na mguu mwingine kule, na kwa sababu hiyo inamfaa sana mwanasiasa aliyeandikwa vibaya na tovuti ya habari. Asubuhi kashfa ni yake. Wakili wake akishaandika barua, jioni kashfa ni ya mhariri.

Barua hiyo ndiyo ninayotaka kuihakiki hapa. Sisi wanafunzi wa lugha na fasihi tumefundishwa kusoma shairi, riwaya na tamthilia, lakini utanzu unaobadilisha maisha ya waandishi wa habari wa nchi zetu kuliko riwaya yoyote ni huu wa kurasa mbili wenye mhuri wa kampuni ya uwakili. Nimepata kusoma barua tatu za aina hiyo, zote zimetoka kwa wanasiasa wa ngazi ya chini, zote zimeelekezwa kwa tovuti ndogo. Zinafanana kama watoto wa tumbo moja.

Barua huanza kwa kumtambulisha mteja. Mteja ni mtu mwenye heshima, mwenye familia, mcha Mungu, aliyeaminiwa na wananchi kwa kura zao. Kisha hunukuu maneno yaliyochapishwa, kwa kawaida mistari mitatu au minne, tena bila aya iliyotangulia wala iliyofuata. Kisha inakuja sehemu ambayo kwangu ndiyo moyo wa utanzu huu: wakili anaeleza kwamba maneno hayo, kwa maana yake ya kawaida, yanamaanisha kuwa mteja wake ni mwizi, mla rushwa, na hafai kushika ofisi ya umma. Mara nyingi habari yenyewe haikusema hayo. Imesema fedha kadhaa zilitengwa, kazi haikufanyika, na mheshimiwa alipoulizwa hakujibu. Wakili ndiye wa kwanza kuandika neno mwizi. Mwisho yanakuja madai: ondoeni habari, ombeni radhi kwa maneno tutakayoyakubali, lipeni fidia, ahidini kutorudia, na muda, siku saba, au saa 48, au saa 24.

Kinachokosekana ni kile ambacho ungetarajia kukikuta mwanzoni. Katika barua zote tatu sikuona sentensi hata moja inayosema: mmeandika kwamba kazi haikufanyika, na sisi tunawaambia ilifanyika, na hati hizi hapa. Barua inalalamika kwa sauti ya mtu aliyesingiziwa, lakini jeraha linaloelezwa ni la mtu aliyeumbuliwa.

Moja ya barua hizo ilikwenda kwa vijana wa Busia, mji wa mpakani ninakotoka. Wako wanne, wanaendesha tovuti kwa Kiswahili kwa ajili ya wafanyabiashara na madereva wa malori wa pande zote mbili za mpaka, na kamera yao ni simu. Waliandika juu ya vibanda vya soko vilivyolipiwa na visivyoonekana. Waliweka picha ya kiwanja, majani yamefika kiunoni. Barua ya wakili wa diwani ikaingia kwenye WhatsApp Ijumaa jioni, saa ambayo hata ukiwa na mwanasheria rafiki huwezi kumpata, ikiwapa hadi Jumapili. Jumamosi asubuhi habari ilikuwa imefutwa. Hawakuomba radhi, hawakulipa, na diwani hakuwashtaki. Kwa hesabu za mahakama, hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo tovuti inapotofautiana na gazeti, na nadhani wanaotetea uhuru wa habari hawajalitilia mkazo wa kutosha. Gazeti likishauzwa limeuzwa. Liko maktaba, liko kwa kinyozi, limefungia karanga. Mwanasiasa aliyetaka kulinyamazisha alilazimika kwenda mahakamani au kulishurutisha lichapishe radhi, na radhi yenyewe iliwafanya watu waulize: kwani lilisema nini? Habari ya mtandaoni hufa kimya. Kidole kimoja, na anayefuata kiungo anaambiwa ukurasa haupatikani. Msomaji hajui kama mwandishi alikosea, au alitishwa, au alisahau kulipia tovuti. Kufuta hakugharimu chochote, na kukataa kufuta kunaweza kugharimu kila kitu. Basi mtu wa kawaida mwenye kodi ya chumba atafanya nini?

Kuna wenzangu darasani wanaosema barua ni afadhali kuliko kirungu. Mwandishi wa Uganda amepigwa, kamera zimevunjwa mbele ya macho ya watu, na huyu anatumia karatasi. Je, si huo ndio ustaarabu tulioutaka? Hoja hii si ya kupuuzwa. Jina la mtu ni mali, na mtandaoni linaharibiwa kwa dakika moja na watu wasiojulikana hata walipo. Tena wapo wanasiasa walioumizwa kweli. Bernard Membe, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania, alichafuliwa na magazeti ya Cyprian Musiba, akaenda Mahakama Kuu, akasikilizwa, na Oktoba 2021 mahakama ikaamuru alipwe shilingi bilioni 9 za Tanzania. Kiasi hicho naona ni kikubwa mno kwa kesi ya maneno. Hata hivyo Membe alikwenda mpaka mwisho. Aliweka madai yake mahali ambapo upande wa pili ungeweza kuyajibu, na hukumu ikasomwa hadharani. Mimi sina ugomvi na mtu wa namna hiyo, hata akiwa waziri.

Ugomvi wangu ni na kitisho kisichokusudia kufika kokote. Wakili anayetoa saa 48 mwishoni mwa juma hatafuti hakimu. Anatafuta kidole kile kimoja. Na kinachompa nguvu ni mambo mawili yaliyomo ndani ya sheria zenyewe, ambayo vijana wale wa Busia hawakuhitaji kuyasoma ili wayaogope.

La kwanza ni kwamba sheria imerithi ule utata wa neno kashfa. Kanuni ya Adhabu ya Uganda, tuliyoachiwa na Waingereza, inaposema maandishi ya kashfa ni yapi, inataja maandishi yanayoweza kumfanya mtu achukiwe, adharauliwe au achekwe. Uongo hautajwi hapo. Ukweli unakuja baadaye, mlango wa nyuma, kama utetezi, tena lazima uambatane na manufaa ya umma. Katika kesi ya madai nako, mwenye kuandika ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alichoandika ni kweli. Mwanasiasa hahitaji kuthibitisha kwamba ni uongo. Kwa tovuti ya watu wanne maana yake ni hii: chanzo chao, labda karani wa halmashauri aliyewaonyesha hati kwa siri, aje kizimbani apoteze kazi, ama wao washindwe kesi.

La pili ni fedha. Mwaka 2002 mahakama ya Kenya iliamuru gazeti la The People limlipe Nicholas Biwott, mmoja wa watu wenye nguvu kabisa katika serikali ya Moi, shilingi milioni 20 za Kenya kwa habari iliyohusu mradi wa umeme wa Turkwel. Miaka miwili kabla alikuwa amepewa milioni 30 kwa kitabu. Tarakimu kama hizo hazisahauliki. Zinapita kutoka chumba cha habari hadi chumba cha habari, na kila barua mpya inayotaja fidia huziazima uzito bila kuzitaja.

Na pale fedha zisipotosha, kuna jela. Ronald Ssembuusi alikuwa mwandishi wa redio CBS katika visiwa vya Kalangala, ndani ya ziwa Nalubaale, ambalo ramani zinaliita Victoria. Alitangaza habari iliyomhusisha mwenyekiti wa zamani wa wilaya na kupotea kwa paneli za umeme wa jua. Hakushtakiwa kwa madai. Alishtakiwa kwa jinai, kashfa ileile ya Kanuni ya Adhabu. Mwaka 2014 hakimu alimtia hatiani na kumpa achague: faini ya shilingi milioni moja za Uganda, au mwaka mmoja gerezani. Shauri lake lilipelekwa Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, na mashirika mengi yakaomba kuliunga mkono, lakini Ssembuusi alifariki mapema mwaka 2015 kabla ya kuamuliwa. Ninaporudia kusoma habari zake, ninachokiona ni udogo wa kila kitu. Kisiwa, redio, paneli, mwenyekiti wa wilaya. Hakukuwa na siri ya dola wala jeshi. Wengi wetu tunadhani uhuru wa habari ni jambo la Kampala, la wahariri wakubwa na marais, kumbe unaamuliwa Kalangala, kwa habari ambayo ikifutwa hakuna gazeti la Ulaya litakalouliza.

Kwetu Busia jambo hili lina sura ya ajabu. Februari 2017 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitangaza kwamba kosa la jinai la kashfa linapingana na Katiba ya Kenya. Upande wa Uganda, Mahakama ya Katiba ilikuwa imekataa kulifuta kosa hilohilo mwaka 2009. Basi kwa maneno yaleyale, yaliyoandikwa kwenye simu ileile, sheria ya kashfa ya jinai ilikuwa inakungoja upande mmoja wa geti la forodha na imekufa upande wa pili, na umbali ni wa kutembea kwa miguu. (Kenya nayo isisifiwe kupita kiasi: mwaka uliofuata ilitunga sheria ya makosa ya mtandao yenye vifungu vikali kuhusu habari za uongo.)

Mahakama zetu za Uganda si kwamba hazijawahi kusema neno zuri. Septemba 1997 gazeti la The Monitor liliandika, likinukuu jarida la nje, kwamba Laurent Kabila wa Kongo aliilipa Uganda kwa dhahabu. Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda wakashtakiwa kwa kueneza habari za uongo. Waliachiwa, lakini hawakuridhika na kuachiwa. Waliipinga sheria yenyewe mpaka Mahakama ya Juu, na Februari 2004 kifungu kikafutwa. Jaji Joseph Mulenga alieleza kwamba kauli ya mtu haipotezi ulinzi wa Katiba eti kwa sababu wengine wanaiona ni ya uongo, ya makosa au haipendezi. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikafuta pia kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, kile kilichofanya kuvuruga utulivu wa mtu kwa njia ya mtandao kuwa kosa la jinai.

Lakini kabla wino wa uamuzi huo haujafika kwenye karatasi, Bunge lilikuwa limeshashona nguo nyingine. Oktoba 2022 Rais alitia saini marekebisho ya sheria hiyohiyo, yaliyoletwa kama mswada binafsi wa mbunge. Humo mliwekwa kosa la kusambaza habari za nia mbaya juu ya mtu, na adhabu iliweza kufika shilingi milioni 15 au miaka saba. Wanaharakati na wanasheria walikwenda mahakamani kuyapinga. Mimi nitazame neno tu: nia mbaya. Kashfa angalau ilitazama maandishi. Nia mbaya inatazama moyo wa mwandishi, na ni nani asiye na nia mbaya machoni pa diwani aliyeulizwa vibanda viko wapi? Barua ya wakili iliyoweza kutaja sheria hiyo haikuhitaji tena hata kudai fidia.

Kwingineko wamekwishaanza kukipa kitisho hiki jina lake. Daphne Caruana Galizia wa Malta, aliyekuwa akichapisha habari za ufisadi kwenye blogu yake mwenyewe, alipouawa kwa bomu Oktoba 2017 alikuwa na kesi zaidi ya 40 za kashfa zilizokuwa hazijaisha, nyingi za wanasiasa na matajiri, na nyingine zikaendelea dhidi ya familia yake baada ya kifo. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 ukapitisha maelekezo ya kuwawezesha majaji kuzitupa mapema kesi zinazofunguliwa kwa lengo la kunyamazisha. Afrika Kusini haikungoja Ulaya: Novemba 2022 Mahakama ya Katiba yake ilikubali kwamba kesi ya kashfa inaweza kuwa matumizi mabaya ya mahakama, ikiwa kampuni ya madini inaitumia kuwachosha wanamazingira na mawakili wao. Hakimu wa Busia au wa Kalangala anaweza kusoma hukumu hiyo kesho. Ni ya Kiafrika, imeandikwa kwa lugha ya sheria anayoifahamu. Hata hivyo nakiri kwamba dawa hizo zinatibu kesi, na ugonjwa ninaouzungumzia hapa unaua kabla kesi haijazaliwa.

Kwa ugonjwa huo ninaona jambo dogo zaidi linafaa, nalo liko mikononi mwa wahariri wenyewe. Ukurasa usifutwe hivi hivi. Kama ni lazima habari iondoke, anwani ibaki, na mahali pake pawekwe sentensi moja: habari hii imeondolewa tarehe fulani baada ya kupokea barua ya wakili wa fulani. Sentensi hiyo haimkashifu mtu, kwa maana yoyote ya neno hilo. Na pale mwanasheria anapoona hakuna hatari, barua yenyewe ichapishwe, wasomaji waione ile sehemu inayokosekana.

Kuna kazi nyingine ambayo ni yetu sisi tunaosoma Kiswahili, na sijaona mtu mwingine anayeweza kuifanya. Habari ya Busia iliandikwa kwa Kiswahili. Barua ilikuja kwa Kiingereza. Wale vijana walikuwa wameandika kwamba watu wa soko wanauliza fedha zao zimeliwa wapi. Katika barua, kuliwa kukawa wizi, moja kwa moja, na kama kesi ingefunguliwa ni tafsiri hiyo ambayo ingewekwa mbele ya hakimu. Sasa kula katika Kiswahili ni bahari. Mradi unakula fedha pasipo mwizi yeyote. Gari bovu linakula fedha. Kamati inakula posho halali. Waganda wanakula hata uchifu, na mtu hula kiapo bila kushiba. Mwenye soko anayeuliza fedha zimeliwa wapi huenda anamshuku diwani, huenda anamshuku mkandarasi, huenda anachotaka ni hesabu tu. Wakili alichagua maana iliyo nzito kuliko zote na kuiita maana ya kawaida, na hakuna aliyembishia, kwa kuwa vijana wale waliona Kiingereza na mhuri wakajua hawana la kusema.

Nimewaomba wanipe nakala ya ile habari. Mmoja wao alikuwa nayo kwenye simu. Nimeitafsiri upya kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, nikiandika pembeni maana zote za kila kitenzi ambacho barua ilikishika, na nimewatumia. Jumatatu hii wanakutana na mwanasheria wa msaada wa kisheria ili waamue kama wairudishe.